Mchanga wa Kupeleka Baharini

Safari nzima kichekesho kilikuwa mfuko wa mchanga. Ulikuwa mfuko wa turubai, mnene kama mtoto aliyeshiba, umekalishwa kiti cha nyuma katikati ya mapacha na kufungwa mkanda wa gari, wakati Bibi mwenyewe amebanwa dirishani na kapu la chakula juu ya magoti. Bibi alivumilia mpaka nyumba za mji zilipoisha, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mama Pacha," akasema, "mimi nimekula chumvi nyingi, lakini sijapata kuona mtu anabeba mchanga kupeleka baharini. Huko wameishiwa?"

Mkwewe akageuka kutoka kiti cha mbele akicheka, karatasi zake za mkutano zikiwa zimemtapakaa mapajani. Akaeleza kwamba ule ni mchanga wa mtoni, ameuosha, ameukausha kwenye oveni na kuuchekecha mpaka chembe zote zikawa za ukubwa mmoja. Wa baharini una chumvi na vipande vya makombe, haumfai kwa kazi yake.

"Umeoshwa, umekaushwa, umechekechwa," Bibi akahesabu kwa vidole. "Mimi mama mkwe wako hata gauni langu hujawahi kulifanyia hivyo."

Mapacha wakacheka mpaka wakapaliwa. Aliyenyamaza ni mmoja tu, yule aliyeshika usukani.

Baba Pacha alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, mwalimu mzuri, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Wakati wa chuo, meza yake ndiyo iliyozungukwa na wenzake siku za kuelekea mitihani. Mkewe alikuwa mmoja wa waliozunguka. Baba Pacha ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali la makosa ya vipimo, yeye ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuunganisha nyaya bila kujipiga shoti, na hadithi hiyo aliipenda sana, aliisimulia kwenye kila shughuli ya familia. Walipooana na kupata mapacha, mke akafundisha miaka kadhaa, kisha akaomba ruhusa ya kurudi kusomea shahada ya uzamili jioni. Mume alikubali kwa moyo mkunjufu. Alifikiri kitakachokuja nyumbani ni cheti cha kutundika ukutani karibu na picha ya harusi.

Badala yake zilikuja ndoo za mchanga. Jikoni kwao kila kona ilikuwa na ndoo, na mkewe akawa anagonga mchanga kwa nyundo ndogo upande mmoja na kusikiliza upande wa pili kwa kifaa kilichoungwa kwenye kompyuta. Alitaka kujua mlio unavyopita kwenye mchanga mkavu, na unavyobadilika mchanga ukianza kunywa maji, ili siku moja mtu aweze kuisikia ardhi ya mteremko inalegea kabla haijawaporomokea watu. Mwanzoni Baba Pacha alimsahihisha. Baadaye akawa anauliza. Mwisho akaacha hata kuuliza, maana majibu yalikuwa yamempita kimo. Alikuwa tayari kuwa mume wa mtu aliyesoma. Hakuwa tayari kuwa mume wa mtu anayejua kuliko yeye, na kati ya mambo hayo mawili kuna shimo ambalo wanaume wengi wenye heshima zao wametumbukia humo na kukaa.

Sasa mkewe alikuwa amealikwa kuwasilisha mada kwenye mkutano wa wanafizikia, katika hoteli kubwa ya ufukweni. Familia ikaona isipitwe. Watalala kwenye nyumba ya wageni jirani na hoteli, Mama afanye mkutano, watoto waogelee, Bibi apunge upepo. Lakini jambo zito lilikuwa jingine, na watu wazima wote ndani ya gari walilijua. Kulikuwa na profesa mmoja, mama wa makamo kutoka chuo cha mbali, aliyekuwa akitafuta mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari. Alikwisha kuisoma kazi ya Mama Pacha, akaandika kwamba atakuja auone mtambo ukifanya kazi kwa macho yake. Ukimridhisha, nafasi ni yake, pamoja na nyumba ya kukaa na familia. Mama Pacha alimwuliza mumewe anaonaje. Mume akajibu, "Tutaona." Siku zikapita na hakuona kitu kingine cha kuongeza.

Pale mapokezi ya mkutano, binti mmoja mchangamfu alimvisha Mama Pacha kitambulisho cha shingoni chenye jina lake lote na chuo chake chini yake. Akamgeukia mume.

"Na wewe baba ni mshiriki au msindikizaji?"

Kabla hajafungua mdomo, cha kwake kikawa kimekwisha kumning'inia kifuani. Kiliandikwa MSINDIKIZAJI kwa herufi kubwa. Hakikuwa na jina. Alikigeuza upande mweupe ukae mbele, na kila kilipojigeuza kwa upepo alikirudisha.

Wakati huohuo akatokea Spidi. Huyu ndiye msimamizi wa masomo wa Mama Pacha, na jina hilo alipewa na wenzake chuoni kwa sababu ya kuongea haraka. Chuoni alikuwa nyuma ya Baba Pacha kwa darasa na kwa akili, tena mara ngapi alikuja chumbani kwake na daftari kuomba aelekezwe. Alimkumbatia kwa furaha ya kweli, "Kaka yangu, kaka yangu!" kisha akamgeukia Mama Pacha. Nyumbani kwao Spidi siku zote humwita shemeji. Pale alimwita Dokta.

"Bado sijawa," Mama Pacha akasema.

"Ni suala la kesho tu, Dokta. Mgeni wetu ameshafika."

Neno hilo lilimwingia Baba Pacha kama mwiba wa samaki kooni. Alijitia kuangalia bango la mtu ukutani. Alisoma mistari ya kwanza, akagundua haelewi, akaendelea kusimama palepale akitikisa kichwa kama anayekubaliana na mwandishi.

Mchana ule Mama Pacha alibaki ukumbini kufunga mtambo wake. Kabla hajaondoka nyumba ya wageni aliuweka mfuko barazani, akamwambia mumewe kwamba utapelekwa ukumbini asubuhi, watoto wasiuguse. Mfuko aliufunga Baba Pacha mwenyewe siku ya kuondoka nyumbani, kwa kamba na fundo lake la maabara, lile analowafundisha wanafunzi wake la kufungia mizigo ya kupimia. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyoachiwa katika utafiti ule, na alikuwa ameifanya kwa kinyongo.

Alikaa chini ya mwavuli ufukweni na kijitabu cha ratiba ya mkutano. Akakifungua pale penye jina la mkewe. Akalisoma, akakifunga, akakifungua tena. Chini ya jina la mkewe lilikuwepo la Spidi. La kwake halikuwepo, na lingekuwepo kwa lipi, lakini alilitafuta.

Alipoinua macho aliwaona mapacha wanaburuta mfuko wa turubai kutoka barazani. Pacha wa kike, aliyeitwa Kidoti kwa alama ya shavuni, alikuwa mbele akivuta. Pacha wa kiume, waliyemwita Bosi kwa kupenda kutuma wenzake, alikuwa nyuma akitoa amri. Walikuwa wamelikata fundo kwa kisu cha Bibi cha matunda.

Hapa pana jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Ukelele mmoja ungetosha. Hata kukohoa kungetosha, maana watoto wale walimwogopa baba yao kwa adabu nzuri. Baba Pacha aliwaona wanamwaga, akaiona kazi ya mkewe inateremka kwenye mchanga wa ufukwe kama unga unaomiminwa, na akafungua ukurasa mwingine wa kijitabu.

Watoto walijaribu kujengea nyumba, nyumba ikaanguka. Kidoti akalalamika kwamba mchanga wa Mama haushikani, haufai kitu. Bosi akaamua kwamba basi huo si mchanga, ni sukari, wafungue duka. Wakajaza uliobaki mfukoni kwenye ndoo yao ya bluu yenye picha ya samaki, wakaipeleka chini ya ngazi ya nyumba ya wageni, wakamwuzia Bibi kilo nzima kwa busu. Mfuko ukabaki ufukweni umelala bapa.

Baba Pacha aliutazama. Angeweza kuurudisha mtupu na kusema ukweli. Alijiambia kwamba watoto watachapwa, na kwamba mke wake asipate mshtuko usiku wa kuamkia kazi kubwa. Hizo zilikuwa nguo nzuri alizolivisha jambo baya. Aliinuka, akaujaza mfuko kwa mchanga mkavu wa juu ya ufukwe, akaufunga fundo lake lilelile kwa kipande cha kamba kilichobaki, akaurudisha barazani mahali pake. Akaenda akaosha mikono baharini.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Profesa mgeni alikaa mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, peni mkononi. Baba Pacha alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mkewe alivaa gauni lake la kijani, akaongea polepole na kwa wazi kiasi kwamba hata mhudumu wa chai alisimama na birika kusikiliza. Mume alimsikiliza kwa sikio la mwalimu, akingoja kosa, na kosa halikuja. Kila sentensi nzuri ilimkata maini.

Kisha ukafika wakati wa mtambo. Mama Pacha akakata kamba, akamimina mchanga ndani ya bomba la plastiki linaloonyesha ndani, akagonga kwa nyundo ndogo. Namba ikatokea ukutani. Akaitazama. Akagonga tena. Watu waliokuwa na karatasi yake mkononi walianza kulinganisha, na minong'ono ikapita kwenye viti. Namba za karatasi zilikuwa mbali sana na za ukutani.

Spidi akanyanyuka nusu. Mama Pacha alimwashiria akae. Alichota mchanga kidogo kutoka kwenye bomba, akausugua kati ya vidole, kisha mbele ya madaktari wote wale akaugusisha kwenye ulimi.

"Samahani," akasema. "Mchanga huu si wangu. Huu ni wa baharini."

Kuna waliocheka. Profesa mgeni hakucheka. Aliuliza kama anaweza kuendelea kuonyesha hivyohivyo, ili waone walau namna mtambo unavyofanya kazi.

"Namba zitatokea," Mama Pacha akajibu, "lakini zitakuwa za kitu ambacho sikukipima. Siwezi kuwaambia zina maana gani, na sitaki mzichukue kama kazi yangu."

Profesa akaandika kitu. Akasema yeye anaondoka baada ya chakula cha mchana, na kwamba kama mchanga wake utapatikana kabla ya hapo, atarudi ukumbini. Usipopatikana, basi. Hakusema kwa ukali, na kwa hiyo ilisikika kama mlango unaofungwa taratibu.

Baba Pacha aliyapata sasa aliyoyataka, na kwa muda mfupi moyo wake uliruka. Nimeyaandika haya baada ya kufikiri sana kama niyaache, lakini kuyaficha ingekuwa kumpamba. Alifurahi. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha mkewe kushuka jukwaani. Alipomwona anapita katikati ya viti, uso umemsawijika, mkono mmoja bado umefumba ule mchanga kana kwamba ni ushahidi wa kitu, furaha ikamwishia.

Mke na mume walifika nyumba ya wageni karibu wanakimbia. Bibi alikwisha kusikia habari kwa mhudumu wa chai aliyewatangulia mbio, na malapa yalikuwa mkononi mwake. Kidoti na Bosi walisimama wameegemea ukuta wa baraza. Bosi, kama kawaida ya mabosi, alikuwa amefyata mkia. Kidoti alikuwa analia.

"Ni kweli tuliumwaga, Mama," alikuwa anasema kwa kwikwi. "Lakini mfuko tuliuacha mtupu. Hatukuujaza sisi."

"Umejijaza wenyewe?" Bibi akauliza. "Mfuko umetembea kwa miguu yake, ukala mchanga, ukajifunga kamba? Kosa la kwanza nilitaka kulisamehe. Uongo siusamehei." Akaliinua lapa.

Mama Pacha akainama mbele ya binti yake. Alimwuliza kwa upole ni nani aliyeujaza. Kidoti akasema hajui. Kisha, bila hila yoyote, kama mtu anayemkumbuka shahidi wake, akageuza macho kwa baba yake na kusema, "Baba alikuwepo. Alikuwa anatuona."

Mama Pacha hakumtazama mumewe. Alikuwa anatazama kamba aliyoikata ukumbini, aliyokuja nayo mfukoni mwa gauni bila kujua, na lile fundo la maabara likiwa zima, fundo ambalo watoto hawakulijua.

Palikuwa bado na njia ya kuponyokea, na Baba Pacha aliiona. Angesema alisinzia chini ya mwavuli. Bibi ni mama yake mzazi, angemwamini. Kidoti angechapwa mara mbili tatu, jioni angenunuliwa barafu ya maziwa, mambo yangekwisha. Na ndoo ya bluu ingebaki chini ya ngazi mpaka Profesa aondoke, kisha mke wake angerudi nyumbani kuwa mwalimu kama yeye. Yote hayo aliyaona kwa mpigo mmoja, yamepangika vizuri. Lakini lapa lilikuwa hewani, na mtoto alikuwa bado anamtazama yeye, si lapa.

"Mama, mwache," akasema. "Mfuko niliujaza mimi."

Bibi alishusha mkono kidogo kidogo.

"Na mchanga wako upo," akaendelea, sasa akimwambia mkewe. "Uko kwenye ndoo ya watoto, chini ya ngazi. Ni msafi. Unatosha bomba."

"Ulijua tangu jana," Mama Pacha akasema.

"Nilijua."

"Na leo asubuhi ulinibebea mfuko mpaka mlangoni mwa ukumbi."

"Nilikubebea."

Angetukanwa angepata pa kushika. Mkewe hakumtukana. Alijifuta uso kwa kiganja, akatazama jua lilipofika, akamwambia neno moja: "Beba."

Basi Baba Pacha akaibeba ndoo ya bluu yenye picha ya samaki. Akapita nayo kwenye mapokezi ya hoteli mbele ya yule binti mchangamfu, akapita nayo kati ya meza za chakula ambako wanafizikia walikuwa wanapakua, kitambulisho kimejigeuza kifuani na MSINDIKIZAJI ikisomeka tangu mbali, na mikono yote miwili ikiwa kazini hakuweza kukirudisha. Kidoti alimfuata ameshika mpini upande mmoja, maana alikataa kubaki na Bibi.

Profesa mgeni alikuja na sahani yake ya matunda. Waliokuja naye hawakuwa wengi. Mama Pacha alilisafisha bomba, akamimina mchanga wa mtoni, akagonga. Namba ikatokea, ileile ya kwenye karatasi. Akadondosha maji kidogo, akagonga, ikabadilika kama alivyoandika itabadilika. Profesa akaweka sahani chini. Akaomba nyundo agonge mwenyewe. Aligonga kama mtoto aliyepewa ngoma, akauliza maswali mfululizo, na kila jibu lilizaa swali jingine, hata Spidi mwenyewe akawa hapati nafasi ya kuchomeka neno.

Walipomaliza, Profesa akavua miwani. Alitaka kujua jambo moja la mwisho, akasema, kwa kuwa katika kazi hii mtu lazima ajue kosa limetoka wapi. Mchanga ulibadilishwaje?

Mama Pacha alikuwa anapangusa bomba. Aliendelea kupangusa. Wala hakuinua kichwa, na Baba Pacha akaelewa kwamba swali hilo ameachiwa yeye.

Akasogea mbele. "Nilijaza mimi," akasema. "Watoto waliumwaga, nikawaona, nikanyamaza. Kisha nikajaza wa baharini. Nilimwonea wivu mke wangu."

Halafu Spidi akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Akaja kumpiga bega. "Huyu ndiye kaka yangu! Anawakingia kifua watoto mpaka anajiita mchawi." Profesa akatabasamu, akasema baba wa namna hii ni adimu, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Kikundi kile kidogo kikampigia makofi Baba Pacha, makofi ya kweli, ya mikono ya wasomi aliotamani maisha yake yote asimame mbele yao.

Alijaribu kusema kwamba hatanii. Hawakumsikia, au walimsikia wakampenda zaidi. Waliokuwa hawacheki ni wawili, mkewe na Kidoti.

Nafasi Mama Pacha aliipata. Wakati wa kurudi, Bibi aliutazama mfuko mtupu juu ya kiti, akasema basi bahari imefaidi, imepata mchanga uliooshwa. Safari hii hata mapacha hawakucheka, naye akageukia dirisha akawaacha na mambo yao.

Wiki za matayarisho ya kuhama, Mama Pacha alichekecha mchanga mwingine wa mtoni akaujaza kwenye mfuko uleule. Baba Pacha alikuwa ameomba msamaha mara nyingi na mara zote alijibiwa kwa adabu. Alikuwa amekubali kuhama, ameandika barua ya kuacha shule, amewaaga wanafunzi. Jioni moja alimkuta mkewe jikoni amepiga magoti mbele ya mfuko. Akaichukua kamba mezani, akachutama karibu naye ili afunge.

Mama Pacha aliipokea kamba ile mkononi mwake. "Asante," akasema. Akaufunga mwenyewe, fundo lake, alilojifunza mahali ambapo mumewe hakuwepo, na akalivuta kwa nguvu mpaka likakaza.